Nyungunyungu, Ruba na Jamaa Zao: Kweli au Uongo?

Bila shaka umeambiwa kwamba nyungunyungu akikatwa na jembe huwa wawili. Umeambiwa pia kwamba ruba hufyonza damu mbaya na kuiacha nzuri, kwamba sukari huzaa minyoo tumboni, na kwamba mnyoo ni mnyoo tu, awe wa shambani, wa baharini au wa chooni. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Tunakubali, ila wingi wa wanaolisema hautoshi kuwa ushahidi. Hapa tumeyapanga madai kumi na matatu kuhusu minyoo wa pingili na wale wanaodhaniwa kuwa jamaa zao. Kila dai linapewa hukumu kwanza, kisha sababu. Baadhi ya hukumu zitawafurahisha wazee, na nyingine zitawakera walimu.

Dai la 1: "Minyoo wote ni ukoo mmoja."

Hukumu: Si kweli.

Mwili mrefu, mwembamba na laini humfaa kiumbe yeyote anayeishi kwa kupenya: kwenye udongo, topeni, utumboni, au kwenye ufa wa tumbawe. Ndiyo maana viumbe wasiohusiana wameufikia, kila mmoja kwa njia yake. Carl Linnaeus wa Sweden, katika toleo la mwaka 1758 la kitabu chake cha kupanga viumbe, aliwatia wote katika kapu moja aliloliita Vermes, tena akawachanganya na konokono na viti vya pweza. Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck ndiye aliyewatenga wenye pingili, mwanzoni mwa karne ya 19. Leo kundi hilo ni faila ya Anelida, yenye spishi zaidi ya 17,000 zilizokwisha kuelezwa. Wengi wao wanaishi baharini, wala si shambani.

Utawatambuaje? Tazama mua: pingili baada ya pingili, kila moja ikifanana na jirani yake. Mwili wa nyungunyungu umejengwa hivyo, ila kila pingili yake ina kazi. Ina misuli yake, jozi ya viungo vya kuchuja taka, na fundo la neva. Kati ya utumbo na ukuta wa mwili kuna uwazi uliojaa majimaji, na shinikizo la majimaji hayo ndilo linalompa mnyoo asiye na mfupa nguvu ya kusukuma udongo. Damu yake hupita ndani ya mishipa iliyofungwa. Uti wake wa neva umepita upande wa tumbo, si mgongoni kama wetu. Na wengi wao wana vinywele vigumu vya kaitini vinavyochomoza kwenye ngozi. Mpitishe nyungunyungu taratibu kati ya vidole, kutoka mkiani kwenda kichwani, utavihisi vikikwaruza.

Mnyoo wa duara anayesumbua matumbo ya watoto, Ascaris, hana pingili wala kinywele. Huyo ni wa faila nyingine kabisa, ya Nematoda.

Dai la 2: "Tegu ana pingili, kwa hiyo naye ni mnyoo wa pingili."

Hukumu: Si kweli.

Dai hili huwanasa hata wanafunzi wazuri, kwa sababu macho yanalithibitisha. Tegu wa ng'ombe, Taenia saginata, anaweza kufikia mita kadhaa na kuwa na vipande 1,000 au zaidi vilivyopangana kama utepe. Kosa ni kuhesabu vipande bila kuuliza vinakua kuanzia wapi.

Kwa nyungunyungu na jamaa zake, pingili mpya huota karibu na ncha ya mkia, kwa hiyo pingili kongwe ziko mbele. Kwa tegu ni kinyume: vipande vipya huota nyuma tu ya kichwa, navyo husukuma vile vya zamani kwenda mkiani, hadi vikomae, vijae mayai na kudondoka. Kila kipande cha tegu kina viungo vyake vya uzazi, vya kiume na vya kike, na karibu kazi yake yote ni kuzaa. Tegu hana kinywa, hana utumbo, na hana ule uwazi wenye majimaji. Hula kwa kufyonza kupitia ngozi. Ni mnyoo bapa, na vipande vyake vilizuka kwa njia yake mwenyewe.

Dai la 3: "Ukichezea nyungunyungu au ukila sukari nyingi utapata minyoo tumboni."

Hukumu: Si kweli. Lakini agizo la kunawa mikono ni kweli tupu.

Nyungunyungu hawezi kuishi ndani ya utumbo wako. Sukari nayo itakuharibia meno, ila haizai mnyoo. Minyoo wa tumboni hutoka kwa minyoo wengine wa tumboni: mayai hutoka na kinyesi, huingia udongoni, kisha hurudi mdomoni kwa mikono michafu, mboga zisizooshwa au maji machafu. Minyoo wa safura hawangoji hata mdomo, maana viluwiluwi vyao hupenya ngozi ya mguu unaokanyaga udongo huo pekupeku. Duniani kote, takriban watu bilioni 1.5 wana minyoo wanaoenezwa kwa udongo.

Kwa hiyo bibi aliyekuamuru kunawa baada ya kuchimbua bustani, na kuvaa ndala uendapo chooni, alikuwa sahihi kabisa. Mshitakiwa tu ndiye hakuwa huyo. Nyungunyungu alikutwa kwenye udongo ule ule, akabebeshwa kesi.

Dai la 4: "Jongoo, tandu na nyungunyungu ni jamaa wa karibu."

Hukumu: Si kweli, ingawa wataalamu wenyewe waliliamini kwa zaidi ya karne moja.

Mfaransa Georges Cuvier aliwaweka pamoja wanyama wote wenye mwili wa vipande: nyungunyungu, jongoo, wadudu, kaa. Ilionekana ni akili tupu. Lakini jongoo ana miguu yenye viungio na gamba gumu ambalo lazima alivue ili akue. Nyungunyungu hana gamba la kuvua wala mguu mmoja.

Katika miaka ya 1990 wataalamu walipoanza kulinganisha vinasaba, ukoo huo ulivunjika. Jongoo, tandu, wadudu na kaa waliangukia upande wa wanyama wanaovua gamba au ngozi, pamoja na minyoo wa duara. Minyoo wa pingili waliangukia upande mwingine, pamoja na konokono, chaza na pweza. Dalili moja ilikuwepo siku zote: minyoo wengi wa pingili wa baharini na moluska wengi huanza maisha wakiwa kiluwiluwi wa aina moja, kidubwana cha mviringo kinachoogelea kwa mkanda wa vinywele vinavyopepea. Mtupa jongoo hutupa na mti wake, na sayansi ililitupa kundi la Cuvier lote pamoja na hoja zake.

Kwa hiyo nyungunyungu ni jamaa wa karibu zaidi wa pweza kuliko wa jongoo.

Dai la 5: "Mkate nyungunyungu vipande viwili, utapata nyungunyungu wawili."

Hukumu: Si kweli kwa nyungunyungu wa shambani. Ni kweli kwa baadhi ya jamaa zake wa majini.

Nyungunyungu ana mbele na nyuma, na vitu vya thamani viko mbele. Kwa Lumbricus terrestris, yule wa Ulaya anayechorwa vitabuni, ubongo uko katika pingili ya 3, na mishipa minene inayosukuma damu iko katika ile ya 7 hadi ya 11. Viungo vya uzazi viko jirani. Akikatwa mbali nyuma ya hapo, kipande cha mbele kinaweza kupona na kuota mkia mpya. Kipande cha nyuma kitajinyonganyonga kwa muda, ndiyo maana watu hudhani ki hai na kitaendelea, kisha kitakufa.

Wakati mwingine hutokea jambo la ajabu zaidi. Thomas Hunt Morgan, yule Mmarekani aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1933 kwa utafiti wa kurithi, kabla ya hapo alikuwa akikata minyoo. Alieleza vipande vya nyuma vilivyoponya jeraha kwa kuota mkia badala ya kichwa. Mnyoo mwenye mikia miwili hana pa kuingizia chakula, na mwisho wake ni njaa.

Basi dai limetoka wapi? Huenda ni ziwani na mitoni. Katika miaka ya 1740 Charles Bonnet wa Geneva alikata vipande minyoo wembamba wa maji matamu, akaona vipande vingi vikiota kichwa na mkia. Lumbriculus variegatus huzaliana hivyo kama kawaida yake: hujikata mwenyewe, na kila kipande hukamilika. Kwa hiyo dai ni la kweli likisemwa juu ya mnyoo anayestahili. Usiendelee kumkatakata wa bustanini ukingoja waongezeke.

Dai la 6: "Mvua ikinyesha nyungunyungu hutoka kwa kuogopa kuzama."

Hukumu: Nusu kweli.

Nyungunyungu hana mapafu. Hupumua kwa ngozi yenye unyevu, na maji yakiwa na oksijeni ya kutosha anaweza kukaa ndani yake kwa siku kadhaa bila kufa. Shida huja pale udongo uliojaa maji unapoishiwa oksijeni, na hapo spishi hutofautiana. Watafiti wa Taiwan walilinganisha mwaka 2008 spishi mbili za huko: ile inayotumia oksijeni nyingi zaidi ndiyo iliyotoka ardhini usiku baada ya mvua kubwa, na ile isiyo na pupa ilibaki chini. Sababu nyingine ni safari. Juu ya ardhi iliyolowa, mnyoo anaweza kusafiri mbali bila kukauka, na kwa kasi kuliko anapochimba. Wale unaowakuta wamekufa barabarani asubuhi kwa kawaida wameuawa na jua na ukavu, si maji.

Ushahidi mzuri zaidi uko karibu nasi, katika madimbwi ya mafunjo ya Uganda, ambako maji yaliyo chini ya mafunjo karibu hayana oksijeni kabisa. Humo anaishi Alma emini. L. C. Beadle wa Makerere alichapisha mwaka 1957 uchunguzi wa jinsi anavyopumua: huupandisha mkia hadi juu, akaukunja mgongo wa sehemu hiyo uwe mfereji, na mfereji huo hupokea hewa na kufanya kazi ya pafu. Kichwa kinabaki topeni kikila. Kwa hiyo kuna mnyoo aliyeitatua shida hiyo bila hata kuhama.

Dai la 7: "Nyungunyungu haoni, hasikii, wala hana damu."

Hukumu: Haoni kama sisi, kweli. Hasikii, kweli. Hana damu, si kweli.

Hana macho, lakini ngozi yake ina chembe zinazohisi mwanga, ndiyo maana hukimbilia gizani ukimmulika. Kuhusu kusikia, Charles Darwin alifanya majaribio na kuyaeleza katika kitabu cha mwaka 1881. Minyoo wake waliwekwa kwenye vyungu, wakapigiwa filimbi, piano na zumari kubwa ya bassoon, nao hawakushtuka hata kidogo. Lakini vyungu vilipowekwa juu ya piano yenyewe na noti moja ikapigwa, walirudi mashimoni mara moja. Hawakuisikia sauti. Waliuhisi mtikisiko.

Damu wanayo, tena kwa wengi ni nyekundu kwa sababu ile ile ya kwetu: hemoglobini. Tofauti ni kwamba yao mara nyingi haimo ndani ya seli, bali huelea katika majimaji ya damu, tena kwa molekuli kubwa mno. Ya mnyoo wa ufukweni Arenicola marina inaweza kubeba molekuli 156 za oksijeni, ambapo ya binadamu hubeba 4. Na wapo minyoo wa pingili wa baharini wenye damu ya kijani.

Dai la 8: "Ruba hunyonya damu mbaya tu."

Hukumu: Si kweli. Lakini hospitalini ana kazi ya kweli.

Ruba hana chombo cha kuchagua damu. Hunyonya inayokuja. Imani ya kwamba ugonjwa ni damu chafu inayopaswa kutolewa ilienea sehemu nyingi, na anayejua chuku na kuumika hatashangazwa nayo. Ufaransa ya karne ya 19 iliipeleka mbali mno: mwaka 1833 pekee iliagiza ruba zaidi ya milioni 40 kutoka nje. Wagonjwa wengi walidhoofika kwa kupungukiwa damu, na ruba wa dawa wakaadimika mabwawani Ulaya.

Halafu ruba akarudi kwa mlango mwingine. Mwaka 1884 John Haycraft aligundua kwamba ruba ana kitu kinachozuia damu kuganda, na baadaye kitu hicho kikaitwa hirudini. Daktari akikiunganisha tena kidole kilichokatika, ateri huleta damu, lakini vena ndogo huziba na kidole huvimba, kikawa cha buluu. Ruba akiwekwa hapo huipunguza damu iliyotuama, na jeraha lake huendelea kuvuja kwa saa kadhaa, hadi vena mpya zifunguke. Mwaka 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha rasmi matumizi hayo. Hoja haikuwa ubaya wa damu bali damu kukosa pa kupita. Na kwa kuwa tumbo la ruba lina bakteria, mgonjwa hupewa dawa za kuwazuia. Kwa hiyo usijitibu nyumbani kwa ruba wa mtoni.

Wala si kila ruba hunyonya damu. Wako wengi wanaomeza wadudu wa majini, konokono wadogo na hata nyungunyungu.

Na akikung'ang'ania? Watu watakuambia mwagia chumvi au mchome kwa sigara. Ataachia, lakini anaweza kutapika kwenye jeraha yaliyomo tumboni mwake. Telezesha ukucha chini ya kinywa chake, upande ule mwembamba, kisha upande mwingine. Safisha kidonda kwa sabuni na maji, ukibane kwa kitambaa.

Dai la 9: "Mnyoo hana meno wala sumu."

Hukumu: Si kweli.

Ruba wa dawa, Hirudo medicinalis, ana taya tatu zenye vijino vingi, ndiyo maana jeraha lake lina ncha tatu. Baharini mambo ni makali zaidi. Minyoo wa jenasi Glycera, wanaochimbwa kwa chambo Marekani, wana taya zilizoimarishwa kwa madini ya shaba, nazo huingiza sumu. Kwenye matumbawe ya Bahari ya Hindi yuko Eurythoe complanata, mnyoo mzuri wa kutazama mwenye vishada vyeupe pande zote mbili. Vishada hivyo ni vinywele vyake. Ukimshika hukatikia kwenye ngozi na kuwasha kama moto. Anayegeuza mawe wakati wa maji kupwa atumie kijiti, asitumie vidole.

Dai la 10: "Kuna minyoo wanaotii mwezi."

Hukumu: Kweli.

Hili lingeweza kuonekana ni ushirikina, lakini wenyeji wa Samoa walilijua kabla ya wanasayansi kufika kwao. Mnyoo wa palolo, Palola viridis, huishi ndani ya matumbawe. Mwezi wa 10 au wa 11, mwezi unapofikia robo yake ya mwisho, siku ambazo wavuvi wa Pwani yetu wangeziita za maji mafu, nusu ya nyuma ya mwili wake hukatika. Imejaa mayai au mbegu. Hupanda juu kabla ya alfajiri kwa mamilioni, na bahari hujaa nyuzi za kijani na za kahawia. Watu hungoja na ngalawa na nyavu, maana ni kitoweo cha mara moja kwa mwaka. Kichwa hubaki salama ndani ya tumbawe na kuota mkia mwingine.

Wanasayansi walipochunguza palolo na jamaa zake maabarani na baharini, walikuta kweli: mwanga wa mwezi huiweka sawa saa ya ndani ya mwili wa mnyoo. Wakizaa wote usiku mmoja, mayai mengi zaidi hukutana na mbegu.

Dai la 11: "Penye nyungunyungu pana rutuba."

Hukumu: Kweli kwa shamba, ila si kila mahali duniani.

Darwin alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza minyoo huleta juu zaidi ya tani 10 za udongo kwa ekari kila mwaka. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2014, uliojumlisha majaribio mengi ya nchi mbalimbali, ulikuta kwamba kuwepo kwa nyungunyungu huongeza mavuno kwa wastani wa asilimia 25. Ulionyesha pia njia yake: nyungunyungu hufungua nitrojeni iliyofungwa ndani ya masalia ya mimea. Hawezi kuizua pasipo kitu. Mkulima anayechoma mabua na majani yote kila msimu, kisha akalalamika kwamba udongo umechoka, amewanyima vibarua wake posho.

Lakini msitu wa kaskazini mwa Amerika ni kesi nyingine. Barafu ya kale iliyofunika maeneo hayo haikuacha nyungunyungu, na misitu ilizoea kuishi bila wao, juu ya zulia nene la majani yanayooza polepole. Minyoo wa Ulaya walipoletwa na walowezi, kwenye udongo wa mimea na baadaye kwa chambo cha wavuvi, walilila zulia hilo, na mimea iliyolitegemea ikapungua. Rafiki wa mkulima akawa mharibifu wa msitu, bila yeye kubadilika hata kidogo.

Dai la 12: "Minyoo wa pingili wamegawanyika makundi matatu."

Hukumu: Imepitwa na wakati.

Ulikariri shuleni: polikaeti, wenye vinywele vingi, baharini; oligokaeti, wenye vinywele vichache, ndio nyungunyungu; na hirudinea, ndio ruba. Mpango huo unafaa kwa kutambua mnyoo uliyemshika mkononi. Vinywele vishada kwa vishada na vijiguu pande zote, ni polikaeti. Vinywele vichache na mkanda mnene wa kutengenezea kifuko cha mayai, ni oligokaeti. Mkanda bila vinywele, vinyonyeo viwili, na idadi ya pingili isiyobadilika maisha yote, ni ruba.

Kwa ukoo, hata hivyo, mpango unavunjika. Ruba hawasimami kando ya oligokaeti, bali wamezaliwa ndani yao. Jamaa zao wa karibu wamo miongoni mwa wale akina Lumbriculus wanaojikata vipande. Ruba, kwa hiyo, ni wa ukoo wa nyungunyungu uliopoteza vinywele na kupata vinyonyeo. Nao nyungunyungu na ruba kwa pamoja wametokea ndani ya polikaeti. Mwaka 2011 timu iliyoongozwa na Torsten Struck ililinganisha vinasaba vya minyoo wengi na kuwapanga wengi wao katika matawi makuu mawili: Errantia, wengi wao wakiwa wazururaji, na Sedentaria, wengi wao wakiwa watulivu wa kwenye mashimo na mirija. Nyungunyungu na ruba waliangukia Sedentaria. "Polikaeti" limebaki kuwa neno la kueleza umbo, ila si ukoo kamili.

Dai la 13: "Asiye na pingili hawezi kuwa mnyoo wa pingili."

Hukumu: Si kweli, hata kama linakera masikio.

Wako minyoo wa michangani wanaoitwa sipunkula na wengine ekiura. Ni vifuko laini visivyo na pingili, na kwa muda mrefu kila kundi lilipewa faila yake. Vinasaba viliwarudisha nyumbani, ndani ya Anelida. Wachunguzi walipotazama viinitete vyao, walikuta neva zikianza kwa mafungu yaliyorudiwarudiwa, kisha alama hizo zikafutika kadiri mnyama alivyokua. Walikuwa na pingili zamani, wakaziacha.

Wa tatu wao anashangaza zaidi. Mwaka 1977 wachunguzi waliozamia karibu na visiwa vya Galápagos walikuta, kando ya chemchemi za moto za kilindini, minyoo wa mirija wenye vishungi vyekundu, baadhi wakizidi urefu wa mita moja. Riftia pachyptila akikomaa hana kinywa wala utumbo. Hulishwa na bakteria wanaoishi ndani yake. Naye aliwahi kupewa faila ya peke yake. Lakini tazama ncha ya mkia iliyofichika ndani ya mrija. Huko ndiko kuliko na pingili, na vinywele vya kaitini.

Sasa yatazame madai haya kwa pamoja. Wasamoa waliutazama mwezi na bahari vizazi kwa vizazi, wakalenga shabaha. Wakulima waliutazama udongo kila msimu, wakalenga. Kina mama waliona ni watoto gani wanaougua, wakaamuru mikono inawiwe. Waliokosa ni wale waliotazama umbo na kukisia yaliyobaki: aliyemwona tegu akamwita ndugu wa nyungunyungu, na Cuvier aliyemwona jongoo akasema vivyo hivyo. Elimu ya kanisani, ya chuoni au ya barazani haikuwa kinga. Dai lijalo likikufikia, uliza kwanza: aliyelisema aliona, au alifananisha tu?